Macho ya mzee yamefifia, nani amchagulie riwaya?

Namna mtu anavyochagua riwaya ni jambo la ndani kuliko wengi wanavyodhani. Muulize mtu anapenda chakula gani, atakujibu palepale. Muulize kwa nini kati ya vitabu 20 vilivyotandazwa kwenye turubai kando ya stendi aliinama akaokota kile kimoja, atababaika. Mwingine huvutwa na jalada. Mwingine hutazama unene, maana bei ni ileile na yeye anataka kurasa nyingi. Yupo anayefungua katikati, akasoma mistari mitano, na ikimkera hukirudisha kitabu hata kama mwandishi ana jina kubwa nchi nzima. Na wapo wengi ambao hawajawahi kuchagua riwaya hata moja maishani mwao. Walizozisoma walichaguliwa na shule, wakazijibia maswali, wakaziacha darasani pamoja na madaftari.

Katika nyumba moja ya Ngamiani, jijini Tanga, mazoea ya namna mbili yaliishi ndani ya kabati moja kwa zaidi ya miaka 40 bila kugombana. Mume, karani mstaafu wa bandari mwenye miaka 71, alikuwa na rafu ya juu. Mke, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi mwenye miaka 66, alikuwa na rafu ya chini. Kila mmoja alijua mwenzake anasoma nini, kama alivyojua mwenzake anakunywa chai yenye sukari kiasi gani. Lakini kuazimana vitabu, hapana.

Mzee alianza na Elvis Musiba. *Kufa na Kupona* ilitoka mwaka 1974, yeye akiwa kijana wa miaka 20, na mpelelezi Willy Gamba akamteka hapohapo. Kutoka kwa Musiba akahamia kwa Ben Mtobwa na Joram Kiango wake, kisha akarudi nyuma kwa Muhammed Said Abdulla, ambaye *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyochapishwa mwaka 1960, ndiyo iliyomleta Bwana Msa na kiko chake kwa wasomaji wa Kiswahili. Wasomi huziita riwaya za namna hii "riwaya pendwa", na baadhi yao hulitamka neno hilo kwa sauti ya kuzishusha kidogo. Mzee hajali. Sharti lake ni moja: ukurasa wa kwanza uwe na maiti, safari au mgeni asiyejulikana. Ukikosa vyote vitatu, hanunui. Akishanunua atamaliza, hata kitabu kiwe kibovu namna gani, kwa kuwa, anasema, hesabu iliyoanzwa haiachwi katikati. Na akimaliza huandika kwa penseli ndani ya jalada la nyuma tarehe na mahali. *Korogwe, ndani ya basi. Bandarini, zamu ya usiku. Bombo, nikingoja mtoto wa pili azaliwe.* Kama kitabu kilikuwa kizuri au la, haandiki.

Mkewe huanzia ukurasa wa mwisho.

Watu humcheka kwa hilo, lakini tabia hiyo ina asili yake. Alipokuwa binti huko Muheza, vitabu vilipita mkono hadi mkono, na karatasi za nyuma ndizo zilizotangulia kuondoka. Huyu kafungia karanga, yule kawashia jiko. Mara tatu alifika mahali ambapo fumbo linakaribia kufumbuliwa akakuta nyuzi za mshono tu. Ndipo akajifunza kutazama kwanza kama mwisho upo, na jicho la msomaji likishatua kwenye maandishi haliwezi kuzuiwa lisisome. Siku hizi hata kitabu kipya chenye harufu ya dukani hukianzia nyuma. Anasema akishajua watu wamefikia wapi, anapata utulivu wa kutazama walivyofika.

Husoma vitabu vitatu kwa mpigo, kimoja cha jikoni, kimoja cha kwenye mkoba, kimoja cha kitandani. Hukunja ncha za kurasa, jambo linalomuumiza mumewe kama kuona mtu anapanda kitandani na viatu. Na kitabu kikimshinda hukiacha bila kuona haya. *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi, kitabu chembamba ambacho ukikiona unadhani utakimaliza kwa jioni moja, amekianza mara nne na mara nne amekirudisha rafuni. Huenda siku yake haijafika, husema.

Hivyo ndivyo walivyoishi, mpaka macho ya mzee yalipoanza kwenda.

Mwanzo wa tatizo haukuonekana kuwa ni wa macho. Alianza kugonga fremu za milango kwa bega, na kumwaga chai iliyowekwa ubavuni pake. Alidhani ni uzee, akadhani tena ni miwani. Presha ya macho ndivyo ilivyo. Mara nyingi hula pembeni mwa uwezo wa kuona, polepole na bila maumivu, na ilichokwisha kukila hakirudi. Matone ya dawa husaidia kulinda kilichobaki. Si kama mtoto wa jicho, ambao upasuaji unaweza kumrudishia mtu nuru. Mzee alipofika kwa daktari, sehemu kubwa ilikwisha kupotea. (Kabla ya kurudi kwenye vitabu: mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyepata ugonjwa huu, hasa akiwa amevuka miaka 40, na akapimwe hata kama anaona vizuri.)

Kwa miezi kadhaa hakumwambia mtu kwamba hawezi tena kusoma. Kila jioni alikaa barazani na riwaya mapajani, akageuza kurasa. Aliyemgundua ni mkewe, na aliyemsemea ni penseli. Siku moja mwalimu alikuwa akifuta vumbi kabatini, akafungua jalada la nyuma la kitabu kilichokuwa pembezoni mwa rafu ya juu, kisha la kilichofuata, kisha la tatu. Tarehe ya karibuni kabisa ilikuwa ya miezi minane nyuma. Huyu ni mtu aliyekuwa akimaliza riwaya mbili kwa mwezi. Akavirudisha kama alivyovikuta. Wiki nzima alimtazama akigeuza kurasa pale barazani, kila baada ya muda uleule, bila kucheka na bila kurudi nyuma kuhakikisha jambo. Yeye hakusema neno.

Habari zilipowafikia watoto, kila mmoja alikuja na mpango wake. Yule wa kiume alituma kitabu kinachoeleza namna ya kuishi kwa furaha baada ya kustaafu. Binti wa pili, ambaye ni muuguzi, alileta kitabu cha lishe ya wazee wenye kisukari, ugonjwa ambao baba yake hana. Mjukuu wa kidato cha tatu anayeishi nao aliagizwa ajaze mawaidha kwenye simu ya babu. Wote walimaanisha mema. Lakini katika mashauriano yao yaliyochukua siku mbili na ujumbe mwingi, hakuna aliyempigia mzee kumuuliza angependa kusomewa nini.

Familia nyingi hufanya hivyo, wala si kwa kukosa upendo. Mtu akipoteza macho au miguu, walio karibu naye humwondolea mzigo, na katika kumwondolea mzigo humwondolea pia na uamuzi. Chakula huchaguliwa na mwenye kupika, chaneli na mwenye kushika rimoti, kitabu na mwenye kununua. Kama vile ladha ya mtu ilikuwa inakaa kwenye mboni za macho yake. Ajabu ni kwamba watoto hawa hawa, kama mtu angewaletea riwaya asiyeijua akasema someni hii tu, wangekasirika.

Basi mwalimu akaanza kumsomea kile kitabu cha kustaafu kwa furaha. Kila usiku baada ya chakula, kurasa sita au saba. Na kila usiku, ukurasa wa pili ukiwa haujaisha, mzee alilala. Mwanzoni mkewe aliridhika, akadhani kitabu kinamtuliza. Usiku wa tano akaona jambo. Mzee akilala kweli hukoroma, na kidole gumba cha mguu hutulia. Sasa hakoromi, na kidole kinacheza.

"Umelala?" akamuuliza.

"Nimelala," mzee akajibu.

Walicheka mpaka mjukuu akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Lakini ndani ya kicheko kile palikuwa na jambo zito. Anayesoma mwenyewe akichoshwa na kitabu hukifunga tu, wala kitabu hakinuni. Anayesomewa hana njia hiyo. Ili aache ni lazima amwambie mtu aliyejitolea jioni yake, aliyenunua kwa hela yake, kwamba hili ulilonipa silitaki. Mzee huyu hakuwa na mazoea ya kuacha kitabu hata alipokuwa na macho yake yote mawili. Kujifanya amelala ndiyo ilikuwa njia pekee aliyoiona isiyomvunjia mtu heshima.

"Haya, sema unataka nini," mkewe akamwambia.

"Nataka maiti," akasema mzee.

Wakaanza na *Mzimu wa Watu wa Kale*, ambayo mzee ameshaisoma mara nyingi kiasi kwamba akikosolewa jina la mhusika hurekebisha palepale. Kurudia kitabu unachokijua ni anasa ambayo watu huidharau. Mzee hakuwa anangoja kujua nani kaua. Alikuwa anangoja Bwana Msa aingie, kama mtu anavyongoja jirani wa zamani apige hodi. Mambo yalikwenda vizuri.

Taabu ilianza walipochukua riwaya ya upelelezi ambayo hakuna kati yao aliyekuwa ameisoma, iliyookotwa na mwalimu kwa muuza vitabu wa barabarani. Yeye, kwa mazoea yake, aliipitia nyuma kabla ya jioni. Usiku wa pili mzee alimkatisha.

"Mwalimu, muuaji ni yule shemeji."

"Umejuaje? Ndiyo kwanza sura ya tatu."

"Kila ukifika kwenye jina lake sauti yako inashuka."

Mwalimu aliyesimama mbele ya watoto kwa miaka zaidi ya 30 alikuwa hajui kwamba sauti yake inaweza kusomwa. Alijaribu kuficha. Akamsomea shemeji kwa sauti ya furaha, ikawa mbaya zaidi. Ikabidi wakubaliane: kitabu kitakachochaguliwa na mzee, mwalimu hataufungua ukurasa wa mwisho mpaka waufikie pamoja. Kwa kuwa hakujiamini, alichukua kibanio cha nguo kwenye kamba ya uani, akabana nacho karatasi kumi za mwisho. Kibanio hicho kipo hadi leo. Mara mbili mjukuu amekikuta kimehama kidogo mahali pake, na bibi yake amekana.

Kwa hiyo, akiwa na miaka 66, mwalimu alianza kusoma riwaya bila kujua zinaishaje. Anasema ilikuwa kama kupanda basi bila kuuliza linakwenda wapi. Usiku mwingine alishindwa kulala. Usiku mwingine ni yeye aliyesema tuongeze sura moja, na mzee, mwenye usingizi wa kweli sasa, akamwomba waache.

Isidhaniwe kwamba yote yalikuwa raha. Kusoma kwa sauti kunakula muda na koo. Ukurasa ambao jicho hulipitia kwa dakika moja, mdomo hutaka mbili na zaidi, na anayesikiliza naye ana maswali. Saa za usiku ambazo mwalimu alikuwa akisoma vitabu vyake kimyakimya, akiwa peke yake na watu wake wa kubuni, ndizo zilizokwenda. Kitabu cha kitandani kilikaa miezi mitatu ncha ya ukurasa ikiwa imekunjwa palepale. Hakuna aliyeliona hilo isipokuwa yeye, kwa sababu msomaji anaponyimwa kusoma haumwi mahali panapoonekana.

Halafu palikuwa na mambo ya Willy Gamba. Musiba hakumwandika mpelelezi wake kuwa mtawa, na zipo kurasa ambazo bibi wa watu, mjukuu akiwa chumba cha pili na mlango wazi, hawezi kuzitamka. Alipofika hapo aliruka. Lakini karani wa bandari aliyekagua hati za mizigo maisha yake yote huwezi kumrukisha kirahisi.

"Umeruka."

"Sikuruka."

"Alikuwa amevaa koti. Sasa hivi anatafuta koti. Koti limekwenda wapi?"

Hatimaye walipata suluhu ya kizee. Mwalimu akifika kwenye kurasa hizo husema, "Hapa pana mambo yao," hunyamaza kidogo, kisha huendelea. Mzee anajua ni nini kimepita na kimechukua kurasa ngapi. Kitabu hakijaibiwa kitu, na mjukuu hajasikia kitu. Walau ndivyo wanavyodhani.

Mjukuu naye ana sehemu yake. Siku ambazo bibi yake ana mafua, yeye ndiye msomaji. Mwanzoni alisoma kama anavyofundishwa kusoma. Akimaliza sura alimweleza babu yake dhamira ni zipi, wahusika wakuu ni nani, na mwandishi ametumia tamathali gani za semi. Mzee alimsikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Halafu ikawaje?" Kijana hakuwa na jibu, kwa kuwa mtihani hauulizi ikawaje. Si kosa lake. Amekutana na *Takadini* na *Watoto wa Mama Ntilie* kama watu wanavyokutana na dawa, kijiko asubuhi na kijiko jioni, wakati ni hadithi ambazo mtoto angeweza kuzisoma chini ya shuka kwa tochi kama zisingeletwa na maswali yake.

Ilikuja kubainika kwamba kijana huyu husoma sana, ila hakuna mtu mzima aliyekuwa akiita huko kusoma. Anafuata hadithi za mfululizo kwenye simu, zile zinazotumwa kipande kipande kwenye makundi, zikakatika mahali ambapo mlango umefunguliwa na aliyeingia hajatajwa, na anayetaka kipande kinachofuata anaambiwa alipie. Alipomsomea babu yake kipande kimoja kwa mzaha, mzee aliketi wima. Huu mchezo anaujua. Miaka iliyopita alikuwa akinunua gazeti zima kwa ajili ya hadithi ya ukurasa wa ndani, na ikikatika alimlaani mwandishi wiki nzima kisha akarudi kununua. Sasa babu na mjukuu wana akaunti moja ya siri. Babu hutoa hela, mjukuu hulipia, bibi haambiwi. Lugha ya hadithi hizo mara nyingine ni mbovu, nukta zimesahaulika, na wahusika hubadilika majina katikati. Mwalimu mstaafu angezitia wino mwekundu kuanzia mstari wa kwanza. Hata hivyo tangu hapo mjukuu akimsomea babu yake riwaya ya karatasi, hasemi tena dhamira. Hunyamaza mahali pazuri na kusubiri aulizwe.

Miezi ilivyosonga, mwalimu alidai haki yake. Riwaya tatu za mzee, moja yake. Ndiyo makubaliano, na kitabu chake cha kwanza kukichagua kilikuwa *Rosa Mistika*.

Kilikuwa na historia kwake. Riwaya hiyo ya Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilipigwa marufuku shuleni, ingawa baadaye ilikuja kuwa miongoni mwa zinazofundishwa. Yeye aliisoma katikati ya miaka ya 1970 akiwa bwenini, ikiwa imevikwa gazeti kama kitabu cha jiografia, zamu ya kila msichana ikiwa usiku mmoja. Ilikuwa riwaya ya kwanza aliyoichagua kwa hiari yake, na ya kwanza iliyomwambia kwamba mambo ambayo wasichana huyanong'ona yanaweza kuchapwa. Mumewe hajawahi kuigusa. Haina maiti kwenye ukurasa wa kwanza.

Rosa ni binti wa Ukerewe aliyelelewa na baba mkali, asiyetaka hata kumwona akizungumza na wavulana, na ukali ule haumlindi, unamharibia. Mzee alisikiliza sura za mwanzo bila kuuliza koti liko wapi. Yeye mwenyewe amelea mabinti watatu. Alikuwa baba wa kuhesabu dakika tangu kengele ya shule mpaka hodi ya mlangoni, na binti wa kwanza ndiye aliyehesabiwa kuliko wote. Usiku wa tatu alisema, "Basi, kwa leo inatosha." Usiku wa nne akasema vilevile kabla mkewe hajafungua kitabu.

Mwalimu alikuwa na mambo mawili ya kuchagua, na yote mawili yalikuwa na haki. Mzee ana haki ya kuacha. Hilo ndilo walilokwisha kulijua tangu siku ya kidole gumba. Lakini yeye naye alikuwa na haki ya kusikilizwa katika zamu yake, baada ya miezi ya Willy Gamba. Hakumlazimisha, wala hakuanza kitabu kingine. Usiku huo na uliofuata walikaa kimya, redio ikizungumza peke yake.

Usiku wa sita mzee aliuliza, "Yule binti, kitabu chake unacho hapo?"

Akasomewa mpaka mwisho, ambao mkewe alikuwa akiujua kwa takriban miaka 50. Alipomaliza, mzee aliuliza jambo moja tu: "Huyu baba mbona ni mtu wa kawaida?" Mwalimu hakumjibu. Aliweka kitabu mezani akaenda kufunga milango.

Siku tatu baadaye mzee alimwomba mjukuu ampigie shangazi yake wa Dar es Salaam, yule binti wa kwanza. Mazungumzo yalikuwa ya nauli za mabasi na mvua, kama yalivyo mazungumzo yao yote, ila yalichukua muda mrefu kuliko kawaida, na sehemu yake mzee alikwenda kuzungumzia uani, akipapasa ukuta. Nini kilisemwa huko, mkewe hajauliza.

Binti huyo ndiye aliyegundua namna ya kumnunulia kitabu mtu asiyeona. Ni jambo rahisi hata mtu anashangaa kwa nini halikufikiriwa mapema. Mwezi uliopita alisimama ndani ya duka la vitabu jijini Dar es Salaam, akampigia simu.

"Shikamoo, Baba. Niko dukani. Nimeshika kitabu, nikwambie kilivyo?"

"Marahaba, mama. Jalada lina nini?"

"Mnazi na jua linazama."

"Rudisha."

Cha pili kilivuka jalada. Mzee akaomba asomewe ukurasa wa kwanza, na binti akausoma wote, mwenye duka akimtazama. "Mbona hakuna anayekwenda popote?" mzee akauliza, na hicho nacho kikarudi.

Cha tatu kilikuwa *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022 ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Binti hakuyataja hayo ya tuzo. Alijua hayangesaidia. Alisoma ukurasa wa kwanza tu, ambao una mvulana anayeondoka nyumbani kwao. Alipofika chini alinyamaza, akasubiri. Huko Ngamiani mzee alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, kidole gumba kimetulia, na hakuwa anakoroma.

"Anapelekwa wapi?" akauliza.

"Haijasemwa bado, Baba."

"Chukua hicho. Shilingi ngapi?" Kisha akafunika simu kwa kiganja, kwa sababu nyuma yake mkewe alishaanza kumpigia binti kelele amwambie kinaishaje.